Ubao wa Nywila wa Kata ya Mlimbo

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwa woga, msinielewe vibaya. Niliomba kibali cha kulitaja tangu mwaka juzi, faili liko mezani kwa mhusika, na mhusika yuko semina. Inatosha mjue kwamba ni nchi yenye amani, yenye watu wakarimu, na yenye mtandao. Mtandao wenyewe huja Jumanne na Alhamisi, mvua isiponyesha.

Nalisema hili mapema kwa kuwa wako watu, hasa wale wa kijiwe cha kahawa, wenye tabia ya kudai kwamba mtandao wetu unakwenda polepole. Huo ni uzushi. Waziri wetu wa Nywila na Utulivu wa Mtandao, Mheshimiwa Daktari Injinia Sifaeli Bugumba, alikwisha kulieleza jambo hilo bungeni kwa saa tatu: kasi ya mtandao haipimwi kwa mashine, hupimwa kwa subira ya raia. Kwa kipimo hicho sisi ni wa kwanza barani. Kile kiduara kinachozunguka kwenye kioo cha simu wakati mtu anasubiri kimewekwa katikati ya nembo ya taifa, mahali palipokuwa na jembe. Na ule muziki unaopigwa ukipiga simu huduma kwa wateja siku hizi unachezwa harusini, maana ndio wimbo pekee ambao wananchi wote wanaujua toka mwanzo hadi mwisho. Bibi harusi mmoja hapa Mlimbo aliingia nao ukumbini, na wageni wote wakawa kimya wakingoja wahudumiwe.

Mimi ni Karani wa Nywila wa Kata ya Mlimbo. Kazi hii haikuwapo zamani, na nitaeleza ilivyopatikana.

*

Mtu mbaya aliingia kwenye ukurasa wa Waziri. Hakupata shida, kwani nywila ya Mheshimiwa ilikuwa jina la Mheshimiwa. Angeweza kuandika matusi, hakuandika. Aliandika kwamba barabara ya lami ya Mlimbo hadi Kisangazi, iliyozinduliwa mwaka uliopita kwa ngoma, utepe na mkasi wa dhahabu, haipo. Wananchi kwa umbea wao wakaenda kuiangalia, na kweli haikuwapo. Sasa mnaona wenyewe jinsi uhalifu wa mtandao unavyoweza kuharibu barabara nzima kwa usiku mmoja.

Serikali haikulala. Tume ya wataalamu kumi na wanane ilizunguka nchi tatu za ng'ambo kujifunza usalama wa kompyuta, ikarudi na masanduku arobaini na ripoti ya ukurasa mmoja. Ripoti ilisema nywila zinaibwa kwa sababu zinafichwa. Kitu kilichofichwa humtia mwizi tamaa.

"Tunapommilikisha mtu kiwanja tunafanyaje?" Waziri aliuliza redioni. "Tunabandika tangazo ubaoni siku ishirini na moja, mwenye pingamizi ajitokeze. Watu wakitaka kuoana, tunabandika. Sasa hiyo nywila ni nani hata isibandikwe?"

Sheria ya Uthibitisho wa Nywila ikapita siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana.

Utaratibu ni mwepesi. Raia anakuja na barua ya mjumbe wa nyumba kumi, mashahidi wawili wenye akili timamu, na picha ya pasipoti ambayo masikio yote mawili yanaonekana. Ananitajia nywila ya simu yake. Mimi naiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, naweka jina lake, namba yake na picha yake, naibandika kwenye ubao nje ya ofisi. Ikikaa siku ishirini na moja bila pingamizi, naigonga muhuri, nampa cheti, naye anaondoka akiwa salama.

Ambaye angefika mwisho wa mwezi wa saba bila muhuri, simu yake ingefungwa na vilivyomo ndani vingepumzishwa. Niliandika makao makuu kuuliza maana ya kupumzishwa. Wakanijibu ni kama vile marehemu anavyopumzishwa.

*

Wananchi waliitikia, hilo sitawanyima. Watu mia nne na kumi na wawili walileta nywila moja, moja mbili tatu nne, na kila mmoja alinong'ona sikioni mwangu akiamini ni yake peke yake. Walipokutana ubaoni waliaibika kidogo, kisha wakaunda umoja wenye mwenyekiti, katibu na sare za kitenge.

Mapingamizi nayo yalikuja. Nywila ya Bwana Mkwizu, mwalimu wa kwaya, ilikuwa jina la mwimbaji wa sauti ya kwanza. Mkewe aliipinga kabla wino haujakauka, tena hakuipinga kwa maandishi. Mchungaji alipinga nne kwa ajili ya maadili. Bwana Afya aliweka matokeo ya mechi ambayo timu ya upande wa pili ilifungwa matano, na upande wa pili ukaja wote.

Wiki ya tatu walifika mabwana watatu wa makamo, wamevaa wakapendeza, kila mmoja na daftari lake. Walisema wanachunguza utawala bora. Nikawatolea benchi. Wakanakili ubao mzima kwa mwandiko safi, na mmoja akaniuliza kwa adabu kama ile alama ya mwisho kwa Mama Ng'ida mkunga ni sifuri au ni herufi. Nikamwambia ni sifuri. Akanishukuru sana, akasema angekuwa na makarani kumi kama mimi angekuwa mbali.

Haikupita siku tatu, kurasa za watu wa Mlimbo zikachangamka ajabu. Ukurasa wa Mchungaji ukaanza kuuza dawa za nguvu za kiume. Mama Ng'ida akajipongeza hadharani kwa kushinda gari. Mwalimu Mkuu, mtu mpole asiyeomba hata chumvi kwa jirani, akawaomba msaada wageni wa nchi saba kwa lugha asizozijua. Watu walikuja ofisini wakifoka, nami nikayapeleka malalamiko yao juu kama inavyotakiwa.

Jibu la Wizara lilinipa moyo. Tangu sheria ianze kutumika, lilisema, wizi wa kuvunja nywila umeshuka hadi sifuri. Hakuna nywila hata moja iliyovunjwa nchini. Zote zimefunguliwa kwa ustaarabu. Wizara ilimpa Waziri tuzo, na Waziri akaishukuru Wizara kwa kumtambua.

*

Bi Mwanakheri alikuja siku ya mwisho kabisa, ile ambayo ukihesabu siku ishirini na moja unaangukia tarehe ya kufungiwa. Ni mjane wa marehemu Shaweji, aliyekuwa fundi redio pale sokoni. Simu aliishika kwenye leso, kioo kimepasuka pembeni. Mashahidi wake wawili aliwaacha nje.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Umekuja kuthibitisha?"

"Nimekuja kuuliza kama ni lazima."

Nikamwambia ni lazima, na nikamwambia habari ya kupumzishwa. Akakaa.

"Humu ndani mna sauti za marehemu," alisema. "Fundi kuandika hakupenda. Akiwa na neno, anaongea kwenye simu, ananitumia. Ziko kumi na moja. Moja ananiambia nisisahau chumvi. Inayofuata ananiambia basi, ameiona chumvi. Zote ndivyo zilivyo, hamna la maana hata moja. Nazisikiliza kila siku nikishaswali alasiri."

"Zitabaki, mama. Nitajie nywila tu."

"Simu alininunulia yeye, na nywila akaiweka yeye. Ni jina alilokuwa akiniita tukiwa wawili."

Nikashika kalamu. "Jina gani?"

"Mwanangu, mkeo anakuitaje mkiwa wawili?"

Nilikohoa. Niliangalia kalenda, nikaona ni mwezi wa saba, kama nilivyodhani. Nywila yangu mwenyewe, kwa taarifa yenu, ilikuwa imebandikwa tangu mwezi wa tano, lakini ilikuwa jina la kijiji changu.

"Unaona," alisema. "Miaka thelathini na moja kaniita hivyo. Mama yake mzazi hakuwahi kulisikia. Leo likae ubaoni, wauza nyanya walisome wakipita? Kesho nikienda bombani kuchota maji, waniite hilo?"

"Huwezi kuibadilisha kwanza?"

"Basi nibadilishe. Niweke mchele."

Hapo nikakumbuka Kanuni ya Sita, kwamba nywila haibadilishwi mpaka ile ya zamani ithibitishwe kwa kubandikwa, ili Serikali ijue ni nini hasa kinachobadilishwa. Nikamsomea. Aliifunga simu kwenye leso, akaifungua tena, akaifunga. Nilimwonea huruma, nasema kweli, ingawa huruma haina fungu katika bajeti ya idara yetu. Nilitamani angekasirika, maana nimefunzwa namna ya kushughulika na mtu aliyekasirika.

"Nisomee yote," alisema hatimaye. "Toka juu."

Nikamsomea sheria yote. Alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mwanawe aliye mbali. Nilipofika Kanuni ya Tisa akainua mkono.

"Rudia hapo."

"'Karani ataandika nywila kama itakavyotamkwa na mhusika mbele yake, bila kuongeza, kupunguza wala kusahihisha.'"

"Inayofuata?"

"'Mhusika ataifungua simu yake mbele ya karani, ili kuonyesha kwamba nywila anaijua.'"

"Imesema karani atazame?"

Nikaisoma upya, kimoyomoyo, mara mbili. "Haikusema, mama."

"Haya," alisema Bi Mwanakheri. "Andika."

Akajiweka sawa kitini, akaivuta kanga yake begani, akaweka mikono magotini. Kisha akanyamaza.

Nilingoja na kalamu mkononi. Feni ilizunguka. Nje mtu alikuwa akibishana na mwenzake kuhusu simu ipi inakaa na chaji, ya kwake au ya mkewe. Kuku aliingia, akatuona, akatoka.

"Mama, nimeshika kalamu."

Hakujibu. Alikuwa ananitazama kwa upole, midomo imefumbwa, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba alikuwa anatamka.

"Umemaliza?" niliuliza baada ya muda.

"Nimemaliza."

Mimi ni mtu wa sheria. Sikuongeza, sikupunguza, sikusahihisha. Niliandika kama ilivyotamkwa. Kisha akanipa mgongo, akabonyeza bonyeza, akanigeukia na kunionyesha simu ikiwa imefunguka. Nikaweka tiki.

*

Karatasi ya Bi Mwanakheri ilikaa ubaoni ikiwa na jina, namba, picha yenye masikio mawili, na nafasi nyeupe. Kila asubuhi mwenyewe alipita kuhakikisha haijang'oka. Alisimama mbali kidogo, akitafuna kucha, kisha akaenda zake.

Siku ya kumi, jirani yake Mafole, mtu ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijatokea, akaja kuweka pingamizi.

"Napinga ile ya Bi Mwanakheri."

"Kwa sababu gani?"

"Mtu mzima hafichi kitu bila sababu. Sisi sote tumetaja."

Nikampa fomu. Fomu ya pingamizi inamtaka mpingaji aandike kwa ukamilifu nywila anayoipinga, kama ilivyo ubaoni. Mafole akatoka, akasoma ubao, akarudi, akaketi, akauma kalamu, akatoka tena. Mwisho akaniletea fomu ikiwa na mstari mtupu. Nikamrudishia, kwa kuwa haturuhusiwi kupokea fomu ambayo haijajazwa. Alinitazama vibaya, na mpaka leo hajanisalimia vizuri.

Wale mabwana watatu nao walipita kuongeza mpya kwenye madaftari yao. Walipofika kwenye karatasi ile wakasimama. Mmoja akaigusa kwa kidole, mwingine akaitazama kwa ubavu ikimulikwa na jua. "Karani, hii vipi?" "Kama mnavyoiona," nikawajibu. Wakainakili, wakaenda. Siku ya tatu wakarudi wamenuna, wakasema haifungui. Niliwashauri wawe na subira kama raia wengine.

Siku ya kumi na tisa akaja Mkaguzi Mkuu kutoka Wizarani, Bwana Pazi Lukwaro, na magari matatu. Bi Mwanakheri alikuwa pale pale penye ubao. Bwana Lukwaro alianza kukagua kwa kidole, karatasi kwa karatasi, akipita umoja wa moja mbili tatu nne bila kusimama, mpaka kidole kikafika kwenye weupe. Kikakaa.

Nina watoto wanne na nyumba ya kupanga. Upande wa pili nilimwona Bi Mwanakheri ameikumbatia leso yake kifuani kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa yamelowa tayari, kana kwamba ameshaambiwa.

"Hii nini?"

"Nywila, mheshimiwa."

"Iko wapi?"

"Hapo, mheshimiwa. Imeandikwa kama ilivyotamkwa. Kanuni ya Tisa."

"Faili."

Nikalileta. Barua ya mjumbe ilikuwamo. Mashahidi walikuwamo. Muhuri wa kupokea, muhuri wa kubandika, tiki ya kufungua simu, vyote vilikuwa mahali pake. Alizipekua karatasi mbele, akazipekua nyuma, akatafuta kosa kama mtu aliyepoteza funguo, asilione. Afisa wa serikali akikutana na faili lililokamilika hana pa kushika.

"Pingamizi?"

"Lililetwa moja, halikujazwa."

"Imeibwa?"

Hapo nikasema kweli. "Mheshimiwa, kata hii ina nywila elfu moja mia tisa na tatu. Hii tu ndiyo haijaibwa."

Bwana Lukwaro alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, akaitazama ile karatasi upya, sasa kwa heshima. Akataka kumpigia Waziri. Ilikuwa Jumatano, kwa hiyo akaandika barua na kumtuma dereva.

*

Hotuba ya Waziri ilirushwa siku ya pili yake.

"Ndugu wananchi! Mataifa makubwa yamehangaika miaka mingi na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Wataalamu wetu wazalendo, chini ya uongozi wangu, wamegundua kwamba hatari yote imo katika hizo herufi. Tumeziondoa! Kuanzia leo, nywila ya taifa itakuwa ile ya Mlimbo. Kila raia aje kuithibitisha upya, kwa utaratibu ule ule!"

Wakaja. Laiti mngeiona foleni yenyewe. Barua ya mjumbe, mashahidi wawili, picha yenye masikio. Mtu anaketi mbele yangu, ananyamaza kwa dakika moja, naandika, anageuka, anafungua simu yake, naweka tiki. Wengine hunyamaza kwa ufupi, wengine hutia madoido. Mwenyekiti wa umoja wa moja mbili tatu nne alilia kidogo, akasema ni mara ya kwanza kuwa na kitu ambacho si cha wote. Bwana Mkwizu alinyamaza mkewe akiwa ameketi pembeni, na ilikuwa mara ya kwanza nimewaona wamekuja pamoja.

Leo ubao wangu ni mweupe toka ncha hadi ncha, wenye nyuso tu. Watu wakipita bado wanasimama kuusoma, kwa mazoea. Wale mabwana watatu nasikia wameingia kwenye biashara ya kuku. Wizara imetangaza kwamba nywila zote nchini zimebandikwa kwa uwazi kamili na hakuna anayezijua, jambo ambalo halijawahi kupatikana popote duniani, na tume za ng'ambo sasa zinakuja kujifunza kwetu.

Nami nimepandishwa cheo.

*

Bi Mwanakheri alikuja kuchukua cheti chake siku ya ishirini na mbili, alasiri imekwisha kuswaliwa. Nilikuwa peke yangu. Alikiangalia cheti, akakikunja mara nne, akakitia kwenye leso.

"Kwangu mafundi wanapiga bati," alisema. "Niache nisikilize moja hapa."

"Karibu, mama."

Akageukia ukutani, akabonyeza. Kulikuwa na mchakacho wa redio mbovu, kisha sauti ya marehemu Shaweji, ya kukwaruza kidogo, ya mtu mwenye bisibisi mdomoni. Ilimwita kwanza kwa lile jina. Kisha ikamuuliza kama yule paka amesharudi.

Bi Mwanakheri akacheka. Si kicheko cha mtu wa makamo yake. Alicheka na mabega, akasahau kabisa kwamba niko, kisha akakumbuka, akageuka polepole.

"Umelisikia?"

Kanuni ya Kumi na Mbili inamtaka karani aandike papo hapo nywila yoyote itakayomfikia masikioni. Daftari lilikuwa wazi mbele yangu, na kalamu iko mkononi.

"Sijasikia kitu, mama."

Huo ndio uongo wa kwanza kusemwa katika ofisi ile tangu ifunguliwe, na siujutii.